Maumivu yako ubavuni, mashine ya umeme yafungwa mguuni: yafaa?

Binti wa Langoni, Lamu
Asalamu alaykum wenzangu. Mwaka jana mamangu alipata mkanda wa jeshi upande wa kushoto, kuanzia chini ya ziwa hadi mgongoni. Vipele vilikauka, maumivu yakabaki. Ngozi ile haitaki kuguswa kabisa. Akijitanda leso, huishika kwa mkono isimguse ubavuni, na upepo wa bahari ukianza kuvuma jioni huinuka barazani akaingia ndani. Dawa yake ya maumivu, amitriptilini, humlaza usiku. Mchana anashinda amekunja uso.

Juzi tulivuka Mokowe tukapanda basi hadi Malindi kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Akambandika vibandiko vya mashine ya TENS, ile ipitishayo umeme mdogo kwenye ngozi kutuliza maumivu, kwenye shavu la mguu! Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi naumwa huku." Kijana alikuwa na foleni ndefu, akajibu tu kwamba ndivyo inavyofanya kazi. Kuna ajuaye? Tunafikiria kununua mashine, na si pesa ya mchezo.

Mfiziotherapia, Malindi
Waalaykum salaam dada, mpe mama pole nyingi. Mwenzangu hakukosea. Ngozi iliyopitiwa na mkanda wa jeshi mara nyingi huwa imekufa ganzi au inauma kwa mguso mdogo tu, na vibandiko vyataka ngozi nzima yenye hisia za kawaida. Kwa hiyo tunabandika pembeni, au mbali kabisa.

Mbali kunafaa kwa sababu maumivu hayaishii ubavuni. Habari zake hupanda uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, na ubongo nao una njia za kushusha amri ya kuyapunguza. Umeme unaosikika sana bila kuuma, hata ukipitia mkononi au mguuni, huziamsha njia hizo, na mwili hutoa kemikali zake zinazofanya kazi kama mofini.

Ndiyo sababu mwaka 2019 Marekani iliruhusu Nerivio, kifaa cha kufunga juu ya mkono kwa ajili ya kipandauso. Katika utafiti wa watu 252, baada ya saa mbili asilimia 66.7 ya waliopata umeme kamili walipata nafuu, na asilimia 38.8 ya waliowekewa umeme wa kuzuga. Itazame hiyo ya pili pia: imani na matumaini navyo vina nguvu yake mwilini.

Ila kipandauso ni kingine. Kwa maumivu ya mkanda wa jeshi ushahidi bado mdogo, kwa hiyo nakusihi usinunue kabla mama hajaijaribu vya kutosha. Asiache dawa. Na kama ana kifaa cha moyo kifuani, asiiguse mpaka daktari wake wa moyo aridhie.

Fundi wa Matondoni
Mimi kiuno kimeniuma miaka kwa kazi ya kukalafati majahazi. Mashine yangu naifunga kiunoni penyewe. Ikiwaka napumua, ikizimwa, nafuu hukaa kidogo kisha maumivu hurudi. Dada, uliza na bei ya vibandiko. Jasho na chumvi huvimaliza gundi upesi, mwoshe ngozi na kuikausha kwanza.

Binti wa Langoni, Lamu
Shukran sana. Hana kifaa cha moyo. Nimemsomea yote, asema mguuni yuko radhi mradi ubavu wake uachwe. Kesho napiga simu kliniki kuuliza kama wanaazimisha mashine.