Mjadala: Deni la kampuni ya bima lisomwe kwa bei ya soko au kwa kiasi ilichokopa?

Mwanzisha mada

Wadau, nina mbele yangu taarifa ya fedha ya kampuni moja ya bima hapa Nairobi, nami nimekwama kwenye ukurasa wa mikopo. Una safu mbili. Ya kwanza ni deni la bondi, yaani hati za mkopo ambazo kampuni iliwauzia wakopeshaji, kama lilivyo vitabuni. Ya pili imeandikwa "thamani ya haki", yaani bei ambayo deni hilo lingepata leo kama lingeuzwa. Safu ya pili ni ndogo. Kwenye mkutano wa wanahisa tukaambiwa mzigo wa kampuni umepungua, ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na nataka kueleza kwa nini.

Chukua bondi ya shilingi bilioni 1, riba asilimia 13, imebakiza miaka 2. Riba sokoni ikipanda hadi asilimia 18, mnunuzi wa leo, anayeweza kupata riba hiyo kwingine, hatatoa zaidi ya milioni 922 hivi. Na asilimia 18 si ndoto: Februari 2024 serikali yenyewe ilikopa kwa bondi ya miundombinu kwa zaidi ya hapo, tena bila kodi. Sasa hizo milioni 78 zimekwenda wapi? Kampuni bado italipa riba ya milioni 130 kila mwaka, na siku ya kuiva italipa bilioni nzima. Haijasamehewa hata senti. Aliyeumia ni yule aliyeikopesha, akibanwa na shida ya kuuza leo.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. IFRS 13, mojawapo ya viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, inataka bei hiyo izingatie pia hatari ya kampuni kushindwa kulipa. Maana yake, kampuni ikianza kuyumba na watu wakaiogopa, deni lake linaonekana dogo zaidi. Mwenye bima anayesubiri fidia ya gari au ya hospitali anaonyeshwa nafuu palepale alipopaswa kuonyeshwa hatari.

Msimamo wangu: kampuni ya bima itangulize kiasi kamili inachodaiwa na tarehe ya kukilipa. Bei ya soko isitajwe kabisa kama nafuu.

Mhasibu, Upper Hill

Ndugu, hesabu yako ni sahihi, ila unaipiga sheria ambayo tayari iko upande wako. Mikopo mingi ya kampuni za bima inawekwa vitabuni kwa gharama, yaani kuanzia kiasi kilichokopwa, si kwa bei ya soko. Bei hiyo inatajwa tu kwenye maelezo yanayofuata nyuma ya hesabu. Na hata kampuni ikichagua kuliweka deni lake kwa thamani ya haki, IFRS 9, iliyoanza kutumika 2018, kwa kawaida hairuhusu nafuu inayotokana na udhaifu wake yenyewe ihesabiwe kama faida ya mwaka.

Halafu angalia upande wa pili wa mizania, yaani jedwali la mali na madeni. Kampuni ya bima imejaza bondi za serikali. Riba zikipanda, bondi hizo nazo zinashuka bei. Tangu 2023, chini ya IFRS 17, hata ahadi zake kwa wenye bima zinapigiwa hesabu kwa riba za sasa. Ukipima mali kwa bei ya leo na deni kwa bei ya jana, picha inapinda. Usimlaumu mwenye mizani kwa sababu mtu mmoja aliisoma vibaya ukumbini.

Mweka hazina wa chama, Umoja

Mimi ni mama wa kawaida, si mhasibu, lakini chama chetu kiliwahi kununua bondi ya kampuni. Wanachama wawili walipofiwa tukataka kuuza. Wakala akatuambia tungoje, hakuna mnunuzi. Tuliangalia simu wiki nzima. Sasa hiyo bei ya haki ni ya nani, kama siku ya shida hapatikani hata mtu mmoja wa kuilipa?

Watu waliogopa, na walikuwa na sababu. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, wiki chache baada ya kukusanya bilioni 2 za bondi. Aprili mwaka uliofuata ikaja zamu ya Chase Bank. Tangu hapo ukitaja bondi ya kampuni kwenye kikao chetu, akina mama wanakaza mikoba.

Mwanzisha mada

Asante mama, hapo umegusa donda. Soko lisipouza wala kununua, thamani ya haki inabaki kuwa makadirio ya mtu ofisini: amechagua riba, amepiga hesabu, ameandika.

Mhasibu, kuhusu mizani nakubaliana nawe, nami sikusema bei hiyo ifutwe. Lakini kumbuka bondi za makundi ya bima mwaka 2014. Britam ilikusanya bilioni 6, CIC bilioni 5, UAP bilioni 2, zote kwa asilimia 13 kwa miaka 5. Zilipoiva 2019, wakopeshaji walilipwa shilingi kwa shilingi, na wanastahili sifa kwa hilo. Hakuna aliyelipwa bei ya katikati ya safari. Tena waliokopa walikuwa kampuni mama, na kampuni mama inaishi kwa gawio la kampuni tanzu, zile zile zinazokusanya ada za bima. Hapo ndipo deni la kampuni mama linapomfikia mwenye bima, na ndiyo maana nataka aone tarehe na kiasi kwenye ukurasa wa mbele.

Mhasibu, Upper Hill

Ratiba ya malipo ipo. Ni maelezo ya hatari ya ukwasi, yaani ya kukosa fedha za kulipa deni linapoiva, mwaka kwa mwaka, kiasi kamili bila kupunguzwa.

Mweka hazina wa chama, Umoja

Iko ukurasa wa ngapi?

Mhasibu, Upper Hill

Kwenye ripoti niliyo nayo, wa 140 na kitu.

Mwanzisha mada

Na ile hotuba ya mzigo kupungua ilikuwa ukurasa wa 9.