Mrejesho: jicho la mzee lililokuwa halifumbi baada ya ukoma

Wakuu, niliwauliza kuhusu mzee wangu: alishapona ukoma, lakini jicho la kushoto halifumbi, machozi mchana kutwa. Asanteni, hasa uliyesema prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe wa neva) haisaidii tena neva ya kufumba jicho ikishapooza zaidi ya miezi 6, twende upasuaji. Tumeenda. Wamehamishia kwenye kope kipande cha msuli wa panja, ule wa kutafunia. Sasa akiuma meno, jicho linafumba! Ugali nao anaula huku anakonyeza kila tonge, wajukuu hoi.

Ila akilala mwanya mdogo unabaki, na konea (kioo cha mbele cha jicho) haina hisia, hivyo mafuta ya macho ya usiku yanaendelea. Uliyependekeza kushona kope pembeni: daktari ameiweka akiba, mwanya ukizidi.