Msaada: pipi za THC (kile kilevi cha bangi) ya hempu zinauzwa Texas mchana kweupe, je dereva wa lori mwenye grinkadi yuko salama?

Msafiri_DFW
Wakuu, heshima kwenu. Niko Dallas, naendesha lori. Mizigo yangu mingi ni ya barabara kuu ya I-35 kwenda Minnesota, mara mojamoja natupwa hadi Idaho. Mgongo unanitesa, na usingizi wa kitanda cha lori mnaujua wenyewe.

Shemeji kaniletea mfuko wa pipi za jeli, kanunua kituo cha mafuta na risiti anayo. Mfuko unasema hempu, THC mg 10 kila pipi, na chini kwa herufi ndogo kwamba inakidhi sheria ya shirikisho ya 2018. Sijaufungua. Kama duka linauza bila kificho, mimi nikikutwa nazo kuna kosa? Mwakani nataka kujaza fomu ya uraia. Wenye uelewa tafadhali, kejeli kaa nazo.

Kisiki_H-Town
Tafuna ulale mkuu. Ingekuwa haramu wasingeiweka pale karibu na big G.

MamaNuru_MN
Kisiki usimpoteze mwenzio. Mimi nauza vinywaji vya aina hiyo huku Minneapolis, ngoja nimweleze.

Kibotania hempu ni bangi ileile. Sheria ya kilimo ya 2018 iliitenganisha kwa kipimo kimoja tu: delta-9 THC (ndiyo THC kuu inayolewesha) isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Kwenye ua la bangi hiyo ni kiduchu. Sasa pima pipi ya gramu 4: ni mg 4,000, asilimia 0.3 yake ni mg 12. Kwa hiyo mg 10 inapita, na mg 10 kwa mtu asiyezoea ni ya kumlewesha barabara. Wafanyabiashara waliiona hesabu hiyo mapema kuliko wabunge.

Ila kila jimbo likajitungia lake. Huku kwetu tangu Julai 2022 bidhaa ya hempu ya kula mwisho mg 5 kwa kipande na 50 kwa pakiti, mnunuzi awe na miaka 21. Iowa, ambako unapita kabla hujatufikia, tangu Julai 2024 ni mg 4 kwa kipande na 10 kwa pakiti nzima. Pipi MOJA yako imemaliza kiwango cha pakiti ya Iowa. Na hapo sijaigusa Kansas, ambako bangi hata ya tiba hawajairuhusu.

Wakili_wa_Kijiweni
(Sina ofisi, nina kiti tu.) Hapo Texas kwenyewe pameyumba. 2025 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa SB 3 wa kupiga marufuku THC yote ya hempu, Gavana Abbott akaipiga veto Juni 22. Septemba akatoa amri ya kuzuia kuuzia walio chini ya miaka 21. Vepu (sigara za mvuke) zenye THC zilikuwa zimeshapigwa marufuku kuanzia Septemba 1. Kwa hiyo pipi zilipona, vepu hazikupona, na duka lilelile linauza vyote viwili kwenye rafu moja!

Halafu jua hili: Texas, pipi ikipimwa ikakutwa imezidi kiwango, haihesabiwi kama bangi ya majani. Inaingia kundi zito zaidi, kosa la jinai kubwa hata ikiwa chini ya gramu moja. Polisi wa barabarani hana maabara kwenye buti la gari. Anachukua mfuko, wewe unasubiri majibu.

Na Idaho ndiyo usicheze nayo kabisa. Hawataki THC hata chembe. Januari 2019, sheria ya 2018 ikiwa mbichi, dereva aliyekuwa anatoa hempu ya viwandani Oregon kuipeleka Colorado alikamatwa huko, na lori likazuiwa na mzigo wote.

Gia_ya_Kumi
Mbona mnazunguka? Huyu ana CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara. Mambo ya jimbo yaweke pembeni, kipimo cha mkojo cha DOT (wizara ya uchukuzi ya shirikisho) hakijui hempu wala bangi, kinatafuta mabaki ya THC. Wizara ya uchukuzi ilishatoa tangazo 2020: kusema nilitumia CBD (kile kiungo cha hempu kisicholewesha) hakufuti majibu. Ukikutwa nayo jina linaingia Clearinghouse, ile orodha ya shirikisho ya madereva waliofeli vipimo vya dawa za kulevya, na tangu Novemba 2024 jimbo linakushusha CDL mpaka umalize utaratibu wa kurudi kazini.

Tafuteni kesi ya Horn, Mahakama ya Juu, Aprili 2025. Dereva wa lori, alitumia dawa ya CBD iliyotangazwa kuwa haina THC, akapimwa, akafukuzwa kazi. Kazi aliipoteza 2012. Hiyo 2025 alichoshinda ni ruhusa ya kuendelea kushtaki.

Msafiri_DFW
Duh. Na ile picha ya kuskani inayoleta cheti cha maabara haisaidii?

Wakili_wa_Kijiweni
Inasaidia kidogo sana. Mama mmoja alipeleka kesi kama hiyo mpaka mahakama ya rufaa ya shirikisho, mzunguko wa nne, 2024. Majaji walikubali kuwa THC-O (aina ya THC inayotengenezwa maabara) iliyotokana na hempu inaweza kuwa halali, lakini yeye akashindwa kwa sababu hakuthibitisha kuwa alichotumia kilikuwa ndani ya asilimia 0.3. Cheti kinahusu sampuli iliyopelekwa maabara. Ulichomeza wewe ni kitu kingine.

Bi_Saida_Columbus
Kaka, uraia. USCIS (idara ya uraia na uhamiaji) waliandika Aprili 2019 kuwa masuala ya bangi yanaweza kukukosesha sifa ya mwenendo mwema hata kama jimbo lako limeruhusu. Wao wanasoma sheria ya shirikisho. Muone wakili wa uhamiaji KABLA ya kujaza fomu, na fomuni usidanganye.

Na hiyo sheria ya shirikisho nayo imebadilishwa. Ule muswada wa kufungua tena serikali iliyosimama kwa kukosa bajeti, uliosainiwa Novemba 12, 2025 ulibeba kifungu cha hempu: THC yote inahesabiwa, THCA (inayogeuka THC ikipashwa moto) ikiwemo, na pakiti ya kuuzwa isizidi mg 0.4. Pakiti nzima! Utekelezaji ulipangwa kuanza mwaka mmoja baada ya kusainiwa. Pipi yako moja inazidi mara 25.

Msafiri_DFW
Nimeelewa wakuu. Shemeji anaurudisha leo na risiti yake. Swali la mwisho: dawa ya kuchua ya CBD, ya kupaka tu mgongoni?

Gia_ya_Kumi
Tangazo la DOT lilitahadharisha kuwa lebo za CBD zinaweza kudanganya, na hakuna anayekuhakikishia kilichomo. Chukua ya menthol. Na badilisha godoro la lori, hilo la kampuni ni sifongo tupu.