Houston 2024: kila ofisi inatupia mpira nyingine, halafu bili inaletwa kwetu

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Ndani ya miezi 12 ya mwaka 2024 jiji la Houston lilipata meya mpya, likapigwa na dhoruba mbili, likafutiwa mradi mkubwa wa mabasi, likasikia kwamba polisi walikuwa wamesimamisha majalada kwa maelfu, na mwisho wa mwaka wananchi wakaikataa kura ya mkopo wa shule. Ukisoma habari hizi moja moja unadhani hazihusiani. Ziweke pamoja uone: anayeamua si yule uliyempigia kura, anayekutumia bili siye mwenye nyaya, na anayepokea simu yako hana mamlaka ya kufanya lolote.

Waswahili tuko wengi huku. Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, hasa upande wa kusini-magharibi: Gulfton, Sharpstown, Alief. Sisi ndio tunaoumia zaidi, kwa sababu tunapigia simu ofisi isiyohusika, tunazungushwa, na tunapokuja kuijua ile inayohusika muda wa kudai umeshapita.

Nianze na umeme.

Tarehe 16 Mei ulivuma upepo wa radi uliopasua vioo vya maghorofa ya katikati ya jiji na kuikunja minara ya chuma ya laini kubwa. Karibu wateja milioni moja walibaki gizani. Hilo lilikuwa onyo tosha. Jumatatu ya tarehe 8 Julai, Kimbunga Beryl kikaingia nchi kavu karibu na Matagorda, pwani ya Texas. Beryl kilipotua kilikuwa cha daraja la 1, na chini ya daraja hilo hakuna daraja jingine la kimbunga. Kimbunga cha namna hiyo kiliwakatia umeme zaidi ya wateja milioni 2.2 wa CenterPoint, kampuni yenye nguzo na nyaya za umeme za Houston, na wapo waliokaa zaidi ya wiki bila umeme. Mwezi Julai! Anayeijua Julai ya Houston anajua chumba kisicho na kiyoyozi kinakuwaje saa tisa alasiri. Watu walikufa kwa joto ndani ya nyumba zao, siku kadhaa baada ya upepo kupita.

Chanzo kikubwa kinajulikana: miti. Ukame wa 2023 uliidhoofisha, matawi yaliachwa yakue juu ya nyaya za mitaani, na nguzo nyingi ni za mbao za zamani. Tawi moja likiangukia waya wa mtaa, fyuzi ya kwenye nguzo inakatika na nyumba zote zilizo mbele yake zinazimika. Zidisha hilo kwa maelfu ya mitaa. Hapo hakuna mtambo wa kuzalisha umeme utakaokusaidia, kwa sababu umeme upo ila njia imelala chini.

Ndiyo maana suala la zile jenereta linatia uchungu. Baada ya baridi kali ya Februari 2021 kampuni ilikodi jenereta za kuhamishika kwa takriban dola milioni 800, na gharama ikaruhusiwa kuingizwa kwenye bili zetu. Nyingi zilikuwa mitambo mikubwa ya megawati 32 kila mmoja. Kuuhamisha mtambo kama huo ni kazi ya siku kadhaa, na umetengenezwa kwa ajili ya upungufu wa uzalishaji, siyo kwa mtaa ambao waya umekatika. Beryl alipopiga, mikubwa hiyo ilikaa tu. Milioni 800 hizo zingekata matawi mangapi? Zingebadilisha nguzo ngapi?

Na ramani ya mtandaoni ya kuonyesha wapi umeme umekatika ilizidiwa siku za upepo wa Mei, ikaondolewa, na hadi Beryl anaingia haikuwa imerudishwa. Jiji la watu zaidi ya milioni mbili likalazimika kufungua programu ya simu ya mgahawa wa baga, Whataburger, kuangalia matawi yapi ya mgahawa yamefunguliwa, ndipo mtu akisie mtaa upi una umeme. Ramani mpya ilikuja tarehe 1 Agosti, watu wakiwa wameshatupa vyakula na kuzika wafu wao.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapokosea. Texas ilitenganisha biashara ya umeme mwaka 2002. Kampuni uliyoichagua, ile inayokutumia bili, inauza tu. Haina nguzo, haina waya, haina fundi wa kupanda juu. Nyaya na mita za Houston ni za CenterPoint, nayo hukuichagua na huwezi kuihama. Ukipigia muuzaji kulalamika kuhusu waya ulioanguka, atakwambia anasikitika na ataishia hapo. Piga moja kwa moja kwa mwenye nyaya, na uwe na namba ya ESI ID, ile ndefu iliyo kwenye bili. Namba hiyo inaitambulisha nyumba, haimtambulishi mtu. Wakikuzungusha, nenda Tume ya Huduma za Umma ya Texas, PUC. Tume hiyo ina makamishna 5, na wote wanateuliwa na gavana. Hukuwachagua hao pia.

Kuna jambo liliwatesa wenye nyumba na hakuna aliyelieleza mapema. Angalia ukuta wa nje ambapo waya wa kutoka nguzoni unafika. Kuna bomba la chuma limesimama, juu yake kofia iliyoinama chini ili mvua isiingie, na chini yake boksi la mita. Waya unaotoka nguzoni na mita yenyewe ni mali ya kampuni. Bomba, kofia na boksi ni mali yako. Tawi likivuta waya na kung'oa bomba ukutani, gari la kampuni litafika, fundi ataangalia juu, atakata waya kwa usalama na kuondoka. Mtaa mzima utawaka, nyumba yako itabaki giza. Hajakuonea, sheria ndiyo hiyo. Lakini wangapi waliambiwa? Unatakiwa umlete fundi umeme mwenye leseni, yeye achukue kibali cha jiji, arekebishe, mkaguzi wa jiji apitishe, jiji liiarifu kampuni, ndipo waya urudishwe. Fundi wa mtaani asiye na leseni hawezi kuchukua kibali, kwa hiyo hata akifunga vizuri kiasi gani huwashiwi. Watu walilipa mara mbili kwa kutojua hatua hii moja.

Tuje kwenye taka. Baada ya dhoruba mbili, milima ya matawi ilikaa kando ya barabara wiki baada ya wiki, mbu, panya, majani yanaoza na kuziba mitaro. Ndiyo, wafanyakazi na magari havitoshi, na mwaka 2024 Houston haikuwa ikitoza ada ya taka ya kila mwezi kama miji mingine mikubwa ya Texas. Hilo naelewa. Ninachokikataa ni mtu kupiga 311, namba ya huduma za jiji, mara sita na tatizo lake lifungwe kwenye mfumo kama "limekamilika" huku rundo liko palepale. Ukipiga, dai namba ya ombi na uiandike. Piga picha rundo, mtaa na namba ya nyumba vikionekana. Likifungwa kabla ya kuzolewa, peleka namba hiyo na picha kwenye ofisi ya diwani wa wilaya yako. Diwani angalau anahitaji kura yako.

Na rundo lipangeni sawasawa, msiwape kisingizio. Gari linalozoa lina mkono wa chuma wenye kucha. Haliwezi kushusha kucha chini ya waya, wala karibu na mita ya maji, sanduku la barua au gari lililoegeshwa. Dereva akiona hivyo anapita. Matawi yakae peke yake. Ukichanganya na zulia lililolowa au mbao za ukuta, rundo lote halichukuliwi na gari la matawi. Kwa ratiba ya kawaida ya mwaka 2024, matawi yalizolewa miezi ya witiri (Januari, Machi, Mei) na takataka kubwa kama makochi miezi ya shufwa. Kikomo kilikuwa yadi za ujazo 8 kwa matawi na 4 kwa takataka nyingine.

Wapangaji wa maghorofa makubwa, jiji halizoi taka zenu. Linahudumia nyumba na majengo madogo yasiyozidi makazi 8. Pipa la chuma la pale uani ni mkataba wa mwenye jengo na kampuni binafsi. Likifurika, lalamika kwa maandishi kwa meneja kwanza, kisha 311 kama suala la afya na ukaguzi wa majengo. Ukiripoti kwamba "jiji halijazoa", ombi linafungwa siku hiyohiyo.

Usafiri. Mwaka 2019 wapiga kura waliidhinisha mpango wa METRO, mamlaka ya usafiri wa umma ya Houston, wa kukopa hadi dola bilioni 3.5. Ndani yake kulikuwa na University Corridor, njia ya mabasi yaendayo haraka ya maili 25, kutoka Westchase kupitia Gulfton, kuvuka kwenye vyuo vikuu hadi Tidwell upande wa kaskazini. Juni 2024 METRO ikatangaza haiuendelezi. Haikurudi kwa wapiga kura kuuliza. Bodi ina wajumbe 9, na watano wanatokana na uteuzi wa meya. Meya akibadilika, bodi inabadilika, na kura yako ya 2019 inawekwa kabatini. Wakati huohuo, katika kodi ya mauzo ya asilimia 8.25 unayokatwa kila ununuapo kitu kinachotozwa kodi dukani, asilimia 1 nzima inaenda METRO. Mfanya usafi anayetoka Gulfton kwenda kazini upande wa pili wa jiji kwa mabasi mawili anailipa kila siku. Njia yake iko wapi?

Polisi nitapita haraka kwa sababu linaniumiza kuliandika. Ilibainika mwaka 2024 kwamba tangu 2016 zaidi ya majalada 264,000 yalisimamishwa kwa alama moja ya mfumo iliyomaanisha "hakuna wafanyakazi wa kutosha". Zaidi ya 4,000 kati yake ni ya makosa ya kingono. Mkuu wa polisi alistaafu mwezi Mei. Kama uliwahi kuripoti wizi au shambulio na hukupigiwa simu tena, una haki ya kurudi na namba ya jalada na kuuliza lilifungwa kwa sababu gani. Uliza. Usiridhike na "linafanyiwa kazi".

Shule ndipo watu walipopata pa kusemea. Tangu Juni 2023 wilaya ya shule ya Houston inaendeshwa na bodi iliyoteuliwa na jimbo, na msimamizi wake, Mike Miles, aliletwa na jimbo. Maktaba za shule kadhaa zikafungwa, vyumba vikageuzwa matumizi mengine. Wazazi walipaza sauti kwenye vikao mpaka zikakauka. Kisha bodi hiyohiyo ikaja kuomba kukopa dola bilioni 4.4. Tarehe 5 Novemba asilimia karibu 58 walisema hapana. Wapo waliotuita wabahili tusiowapenda watoto. Si kweli! Siku hiyohiyo wapiga kura wa Kaunti ya Harris walikubali kupandishiwa kodi kwa ajili ya kudhibiti mafuriko, ingawa kwa tofauti ndogo. Majengo ya shule ni mabovu na kila mzazi anajua, lakini huwezi kumkabidhi mabilioni mtu ambaye huna njia ya kumwondoa.

NYONGEZA: wengi mmeniuliza kuhusu chakula kilichoharibika na misaada, najibu hapa kwa pamoja.

Friji isiyofunguliwa inahifadhi chakula saa 4. Friza iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Wenye migahawa na wapishi wa oda: nyama, maziwa, wali na maharage yaliyopikwa vikikaa juu ya nyuzi 5 za Selsiasi zaidi ya saa 4, tupa. Usionje ili ujue. Kabla ya kutupa piga picha kila rafu na weka risiti za manunuzi, maana bima ikidai ushahidi, mfuko mtupu hausaidii. Na soma mkataba wa bima sasa hivi: nyingi hulipa chakula pale tu kifungu cha kuharibika kwa vyakula kimeongezwa.

Wenye SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula: chakula kilichonunuliwa kwa kadi kikiharibika kwa kukatika umeme, unaweza kurudishiwa thamani yake. Fomu ni H1855, na kwa kawaida una siku 10 tu tangu hasara itokee. Piga 211, namba ya simu ya misaada ya Texas.

FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa: mwaka 2024 kulikuwa na malipo ya kwanza ya dola 750 kwa mahitaji ya haraka. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye kadi ya kijani walistahili kama raia. Asiyestahili mwenyewe angeweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake aliye raia anayeishi naye. Wengi wetu hawakuomba kwa woga tu. Kwenye simu omba mkalimani wa Kiswahili.

Mwenye mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni: ipo fomu ya PUC ya kumwandikisha kama mteja wa uangalizi maalumu. Daktari anajaza sehemu yake na kuituma yeye mwenyewe kwa kampuni ya nyaya. Haizuii umeme kukatika, kwa hiyo betri ya akiba lazima iwepo. Ianzeni mapema, kabla ya Juni msimu wa vimbunga haujafunguliwa.

Jenereta ndogo: mita 6 kutoka nyumbani, moshi uelekee mbali na madirisha, na usiichomeke kamwe kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo ili iwashe nyumba. Umeme unarudi kinyume hadi kwenye transfoma, volti zinapanda, na fundi anayeshika waya akidhani umezimwa anakufa juu ya nguzo.

Aliye na namba ya ombi la 311 lililofungwa bila kazi kufanyika aiweke hapa chini pamoja na jina la mtaa na tarehe, bila namba ya nyumba. Tutazipanga kwa wilaya za madiwani na kuzipeleka zote kwa mkupuo.