Konekta ya SWD kwenye bodi ndogo: pini 10, JST, Tag-Connect au pedi tupu?

FundiWaTudor
Assalam aleikum wakuu. Nina bodi ya milimita 18 kwa 25, chipu ni STM32G0, kazi yake kupima joto ndani ya masanduku ya barafu ya wauza samaki. Tano za majaribio zafanya kazi, sasa nataka kuagiza 40. Kinachoninyima usingizi ni pahali pa kuchomeka waya za SWD, zile za kuandikia programu na kusakia hitilafu ndani ya chipu. Bodi za kwanza niliweka heda (safu ya pini za kuchomekea) ya kawaida ya milimita 2.54, pini nne, ikala ukingo mzima na kifuniko kikakataa kufunga. Nikaishia kuzikata kwa pilasi.

Nilizozitazama ni heda ya pini 10 ya milimita 1.27, konekta ndogo ya plastiki JST-SH ya pini 3 kama ya bodi ya Raspberry Pi Pico H, waya wa Tag-Connect wa pini 6, au pedi tupu za kugusa kwa pini za springi. Mwenye kuzitumia kwa mikono yake anipe ukweli.

MwanaLikoni
Wa aleikum salaam. Weka pini 10 ya 1.27 ulale. Ndiyo mpangilio wa ARM wenyewe, waliosanifu kiini cha chipu hizi: 1 ni volteji ya rejea, 2 SWDIO (data), 4 SWCLK (saa), 6 SWO (ya kutolea ujumbe), 10 reseti, na ardhi ziko 3, 5 na 9. Karibu kila diibaga, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na chipu, ina waya wake. Hata STLINK-V3 yenye tundu la pini 14, kumi za katikati ni hizi hizi, zilizozidi zina UART, laini za kutuma na kupokea data.

Ila nunua ile yenye kuta na mwanya wa kuongozea. Yangu ya kwanza niliweka pini tupu ili nipunguze ukubwa. Nikachomeka kinyume usiku wa manane, nikakaa saa nzima nikiitukana programu isiyo na kosa.

FundiWaTudor
Hapo kwenye kuta ndipo ninapokwama, yakhe. Pini zenyewe ni milimita 6.35 tu, lakini ukizivalisha kuta zinakaribia kuziba upande wangu mfupi. Na kimo chake? Juu ya bodi kuna betri.

BintiKisauni
Basi JST-SH. Nafasi ya milimita 1 kati ya pini, iko ya kulala, na haiingii kinyume hata ukiwa na usingizi. Diibaga ya Raspberry Pi iliuzwa dola 12 ilipotoka 2023 na inakuja na waya wake. Hilo la waya si dogo: kubana zile ncha za chuma za waya za SH kwa mkono ni adhabu, nimejaribu mara moja na sirudii.

Lakini zile pini 3 ni saa, ardhi na data basi. Hakuna reseti wala volteji ya rejea. Kwa STM32 hilo litakuuma. SWDIO iko mguu wa PA13 na SWCLK iko PA14. Programu yako ikizigeuza pini hizo kwa kazi nyingine, au ikiingia usingizi mzito mara tu inapowaka, diibaga haipati pa kuingilia mpaka uishike chipu kwenye reseti huku ukiunganisha. Mimi niliipoteza bodi moja hivyo mpaka nikalehemu unywele wa waya kwenye mguu wa NRST, yaani reseti, chini ya darubini. Chukua SH ya pini 5 uongeze hizo mbili.

MwanaLikoni
Nakubali kuhusu reseti. Na kwenye G0 hiyo PA14 ndiyo hiyo hiyo BOOT0, ya kuamua chipu iwake na programu ipi, usisahau ukiifunga kwa kizuizi (rezista) cha kuipandisha volteji.

BintiKisauni
Naam. Halafu SH usiivute kwa waya. Pedi zake ni ndogo, zinang'oka na shaba yake.

KibaruaWaBodi
Ndugu, bodi 40 mara konekta 40, za nini? Kila bodi utaichomeka mara moja, mbili kama kuna balaa. Tag-Connect TC2030 haiweki kitu chochote kwenye bodi, ni pedi sita na matundu. Unanunua waya mmoja. Ndiyo, ni zaidi ya dola 30 kabla ya usafiri na ushuru, ukiutazama utadhani wamekuuzia dhahabu. Lakini wangu ushapita bodi mia kadhaa.

Angalia aina. Ile yenye miguu inataka matundu manne makubwa zaidi, na upande wa pili uwe wazi ili miguu ishike. Isiyo na miguu inabaki na matundu matatu ya kuongozea tu, bali lazima uishikilie kwa kidole. Kuandika programu ni sekunde chache, kidole chavumilia. Kusaka hitilafu saa nzima, hapana. Kuna kibanio cha kuweka nyuma ya bodi, kikianguka chini ya meza ndiyo kwaheri.

MzeeWaLaptopu
Vijana mwajitesa. Niko Mwembe Tayari nafufua laptopu zilizopoteza BIOS, na kila fundi wa mtaa huu ana klipu ya SOIC-8, ile inayouzwa pamoja na CH341A, kifaa cha kuandikia chipu za BIOS. Inauma chipu ya miguu minane, minne kila upande. Sasa chora pedi nane ukingoni mwa bodi, nne juu nne chini, klipu iume ukingo. Kuna mchoro wa wazi uitwao SOICbite, waweza kuupakua ukautumia.

Pedi nane zatosha volteji, ardhi, SWDIO, SWCLK, reseti na laini zote mbili za UART. Inashika yenyewe, mikono yako iko huru kupiga chai. Na siku bodi ikiharibika nawe uko safari, mwenye sanduku atampata fundi mwenye klipu hapa hapa. Hiyo Tag-Connect nani anayo mtaani?

KibaruaWaBodi
Hapo umenipata, mzee. Ila klipu za bei rahisi meno yake yalegea upesi.

MzeeWaLaptopu
Yalegea. Mimi nina tatu.

BintiKisauni
Jambo ambalo hamjaligusa: chumvi. Bodi inakaa kwenye sanduku la samaki, unyevu mtupu. Pedi tupu za bati zikikaa miezi hapa hupata utando wa kutu, klipu inagusa huku haigusi. Agiza mchovyo wa dhahabu, ENIG, bodi 40 tofauti ya bei haitakuua. Na kama utapaka vanishi ya kukinga unyevu, ziba zile pedi kwa Kapton, tepu ya kustahimili joto, kwanza. Rafiki yangu alipaka bodi nzima kisha akaanza kukwangua kwa wembe.

FundiWaTudor
Shukran sana. Nimepima: upande mfupi ulio mkabala na antena uko wazi, pedi za klipu zaingia bila kusogeza kitu. Nitazitumia hizo na ENIG, reseti ndani. Zile tano za majaribio nitazilehemea SH ya pini 5 kwenye mabaki ya heda, maana hizo ndizo ninazokaa nazo mchana kutwa. Mzee, klipu ikiuma kinyume je?

MzeeWaLaptopu
Hiyo itauma kinyume, haina mwanya wa kuizuia. Chora duara nene kwenye pedi ya kwanza, upande wa waya mwekundu, na laini ya volteji usiipitishe umeme kutoka kwenye diibaga, iache isome tu. Betri ndiyo iwashe bodi. Ukija Mwembe Tayari nitakuazima klipu moja, ile mpya mpya kidogo.

BintiKisauni
Mchoro ukiwa tayari uweke hapa kabla ya kuutuma kiwandani. Nataka kuona umeiweka wapi ardhi.