Kutu kwenye stendi ya tanki, kuna rangi isiyo na sumu?

MamaKatumba (Tukuyu):
Wadau habari za mchana. Stendi yangu ya tanki la maji ya mvua haina hata miaka mitatu lakini pale fundi alipochomelea kutu imeshakula mpaka ukigusa inabanduka magamba, na mvua ya huku Tukuyu mnaijua. Fundi anataka apige msasa halafu apake rangi nyekundu ya kopo alilonalo stoo, la zamani, lebo hakuna. Mi naogopa jamani, chini ya stendi nina mchicha na wajukuu wanacheza hapohapo.

Fundi_Mwanjelwa:
Mama hilo kopo alirudishe. Wekundu wenyewe sio tatizo, red oksaidi inapata rangi kwa oksaidi ya chuma, ni ndugu wa kutu yenyewe. Hatari ni zile za zamani zenye risasi (ledi, ile metali yenye sumu), na za njano zenye kromati, nayo ni sumu, sasa bila lebo utajuaje? Tafuta praima ya chuma, yaani rangi ya kwanza ya chini, ile inayochanganywa na maji, iliyoandikwa haina risasi; WHO na UNEP, mashirika ya UN ya afya na mazingira, wanapendekeza risasi isizidi 90 ppm, yaani sehemu 90 kwa milioni. Na kama stendi ilishapakwa rangi msipige msasa mkavu, vumbi lile ndo watoto wanalikula. Lowesha ndo ukwangue, mchicha ufunike turubai.

Miwati_Njombe:
Shikamoo mama. Mi geti langu nilichemsha magome ya miti ya miwati mpaka maji yakawa mazito kabisa, nikapaka juu ya kutu, baada ya muda ule ukahawia ukaanza kugeuka mweusi wa bluu kama wino. Ni tanini, ileile inayoleta ukakasi kwenye chai yenu ya Tukuyu, inashikana na kutu inakuwa kitu kisichoyeyuka kwenye maji. Magamba yatoe kwanza maana kwenye kutu nene haipenyi. Paka mara mbili, iache ilale. Ila hiyo sio rangi, bila praima na rangi juu kutu inarudi.

MamaKatumba:
Marahaba mwanangu, magome nitatafuta. Na mabati je, nayapiga brashi ya waya?

Fundi_Mwanjelwa:
Hapana mama, bati ambalo zinki yake bado ipo usiliguse, zinki inakubali kuliwa yenyewe kabla ya chuma, hata likikwaruzika kidogo bado linalindwa, ukilisugua unaitoa kinga. Na rangi ya maji haipendi baridi wala umande, anza saa nne chuma kikishakauka, saa nane mkono wa kwanza uwe umeisha.