Sauti ya zumari: analogi, FM au programu ya kompyuta?

Kinanda_Langoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Napiga kinanda kwenye maharusi hapa Lamu, mwaka wa sita huu. Udi na fidla hazinisumbui, sauti zilizomo kwenye kibodi zinatosha. Zumari ndiyo inayonitesa. Kibodi yangu ina obo na filimbi tu, na nikizipiga penye mahadhi ya zumari watu wazima wanageuza shingo kunitazama. Mpiga zumari ninayemtegemea hapatikani msimu wa shughuli ukipamba moto. Nataka kuiunda sauti mwenyewe kuanzia wimbi.

Pesa niliyoweka inatosha kifaa kimoja. Napima njia tatu: sinthesaiza ya analogi (inayotoa mawimbi kwa umeme na kuyachuja), mashine ya FM (si ya redio, ni ya wimbi moja kutikisa jingine), au laptopu yangu ya zamani na programu ya bure. Kwenye simu nilijaribu wimbi la mraba, nikaona limekaribia kidogo. Wenye uzoefu nisaidieni.

FundiShela
Waaleikum salaam. Wimbi la mraba liache leo hii. Lina harmoniki (sauti za juu zinazoandamana na nota) za witiri tupu, yaani ya 1, 3, 5, 7 na kuendelea, ndiyo maana linatoa mvumo wa klarineti: mnene, wenye uwazi katikati. Zumari inalia puani. Chukua osileta ileile (kitoa wimbi), ubane upana wa pulsi (sehemu ya wimbi iliyo juu) kutoka asilimia 50 hadi 12 hivi. Hapo za shufwa, yaani ya 2, 4, 6, zinarudi, sauti inakonda na kukereketa. Osileta ya pili iwe ya wimbi la msumeno, lenye harmoniki zote, oktava hiyohiyo, ikosane na ya kwanza kwa senti 4 au 5 tu (nusu toni ni senti 100). Ukizidisha utapata sauti ya bendi ya disko, na zumari ni moja, haina mwangwi wa wenzake.

Mimi natumia Korg Minilogue, ilitoka 2016: sauti nne, osileta mbili kwa kila sauti. Ndani yake kuna jambo nalipenda sana. Envelopu (kiongozi cha sauti kupanda na kushuka kwa muda) inavuta lami, yaani kimo cha sauti, ya osileta ya pili peke yake. Nikiiweka ianze chini kidogo kisha ipande haraka, osileta ya kwanza imeshatulia pale na ya pili inaifuata kwa kusuguana nayo. Msuguano huo wa mwanzo wa nota ndio unaonipa ule mkwaruzo wa ulimi wa zumari unaposhika pumzi. Nilikaa usiku mzima nikigonga nota moja kuusikiliza.

Kasoro yake: filta (kichujio) inapitisha sauti za chini tu, haina ya kuchagua bendi ya katikati. Nalazimika kupandisha rezonansi (mkazo penye ukingo wa filta) ili pua isikike. Na huku kwetu chumvi ya bahari inaingia kwenye nobu, zinakwaruza. Zangu nazifungua na kuzisafisha mara kwa mara.

Mpwani_Malindi
Habari za Lamu. Mie nipo Malindi na ni mtu wa FM, kwa hiyo nitaitetea, ila nitasema na ubaya wake.

Kwenye FM huanzi na wimbi lenye kila kitu ukalichuja. Unaanza na mawimbi mawili ya sini, matulivu kabisa, kisha moja linaitikisa lami ya jingine kwa kasi hadi sikio linaacha kusikia mtikisiko na kuanza kusikia rangi mpya. John Chowning aligundua jambo hili pale Stanford mwaka 1967, na Yamaha DX7 ya 1983 ndiyo iliyolipeleka kila mahali: opereta sita, yaani mawimbi sita ya sini, na mipango 32 ya kuziunganisha.

Kwa zumari weka uwiano wa 1 kwa 1, utapata harmoniki zote. Ukiweka mtikisaji kwenye 2 utarudi kwenye witiri tupu, kosa lilelile la mraba. Halafu kiasi cha mtikiso usikiache kimesimama. Kipe envelopu yake, na kifunge na nguvu ya kidole. Ukigonga kwa nguvu sauti inakuwa kali, si kubwa tu. Kwenye analogi unaliiga hilo kwa kufungua filta, lakini kwa FM ukali unachipuka kutoka ndani.

Ubaya: ukisogeza namba moja sauti yote inahama, na njia ya kurudi inapotea. Andika kila hatua kwenye daftari. Ila kwa upatu na vugo, FM haina mpinzani. Uwiano usio kamili, mfano 1 kwa 1.41, unatoa shaba iliyogongwa kiasi cha kukufanya utazame nyuma.

BintiMkomani
Kaka Kinanda, kabla ya kutoa pesa fungua hiyo laptopu. Hayo yote mawili waliyokueleza yamo ndani ya programu ya Surge XT, na ni bure. Msimbo wake umekuwa wazi tangu 2018. Ina pulsi ya kubana, ina osileta za FM, ina filta ya bendi. Filta hiyo ipeleke kati ya hezi 1000 na 1500, uitembeze polepole huku umeshika nota, utaisikia pua inafunguka. Kama ni FM tupu unayoitaka, programu ya Dexed inasoma sauti za DX7 zilezile.

Lakini sababu yangu kubwa ni mizani ya sauti. Tunapiga Rasti, tunapiga Bayati, mizani za Kiarabu. Nota zake nyingine zipo katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Surge inapokea faili ya Scala (ya kuandikia mizani), unaandika senti za kila nota mwenyewe. Hata ukiunda rangi nzuri vipi, ukipiga Bayati kwa mizani ya piano haitakuwa zumari.

FundiShela
Dada, hilo la mizani nakubali mia kwa mia. Wasiwasi wangu ni harusini. Jenereta ikiyumba, laptopu ikiganda bibi harusi anaingia, utamwambia nini mwenye shughuli?

BintiMkomani
Laptopu ina betri, Minilogue haina. Zima intaneti, zima masasisho, bafa (akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kutoka) iweke sampuli, yaani vipande vya sauti, 256 kwa 48,000 kwa sekunde: ucheleweshaji wake ni milisekunde 5 na kidogo, kidole hakiusikii. Ikipasuka-pasuka panda hadi 512. Mimi nabeba na rekodi za akiba kwenye simu.

Mzee_wa_Kibangala
Wanangu, nimesoma yote. Mawimbi yenu siyajui sana, lakini zumari nimekaa ubavuni mwake tangu utoto, kwenye ngoma ya kirumbizi. Mtazameni mpigaji mashavu. Anavuta hewa puani huku anaisukuma iliyomo mdomoni, sauti haikatiki. Nyinyi mnapiga nota, mnaachia, mnapiga nyingine. Hapo ndipo watu wanapogeuza shingo. Haendi kutoka nota hadi nota kwa kuruka, anateleza. Na kila anapojaza pumzi sauti inalegea kidogo sana kisha inakaza.

Mpwani_Malindi
Mzee, umetufungua. Kinanda, fanya hivi: weka sauti moja tu, legato (nota zinazoungana), envelopu isianze upya vidole vikipishana. Mteleko wa milisekunde 40 au 50. Kisha chukua LFO (wimbi la polepole la kutikisa sauti) ya bahati nasibu, iliyolainishwa, ipunguze na kuongeza ujazo kidogo na lami kwa senti 3 au 4. Isiwe LFO ya pembetatu. Mawimbi yaliyolingana yanasikika kama mashine. Mtetemo wa kawaida, mara 5 au 6 kwa sekunde, uweke kwenye gurudumu uutie kwa mkono mwishoni mwa nota ndefu.

Kinanda_Langoni
Mungu awalipe. Nimekaa darini siku tatu na Surge. Nilianza na pulsi asilimia 12 na msumeno, bendi kwenye hezi 1200, lami inaanza nusu toni chini na kufika kwa milisekunde 40. Ikawa nzuri lakini imekufa. Nilipoweka legato na ile LFO ya nasibu aliyosema kaka wa Malindi, mama alikuja kutoka chini kuuliza nani yuko na mimi.

Nilijaribu kubadilisha osileta nikatia FM ya 1 kwa 1, mengine yote nikayaacha. Tofauti ipo, ila ndogo kuliko nilivyotarajia. Nilipoondoa mteleko na legato, zote mbili zilikufa sawasawa. Basi sinunui sinthesaiza sasa hivi. Pesa nitatia kwenye kibodi ndogo yenye vitufe vinavyohisi mkandamizo, niupeleke kwenye pumzi. Mzee, nimekutumia rekodi ya Bayati, nota ya pili nimeiweka senti 150. Tafadhali isikilize.

Mzee_wa_Kibangala
Nimeisikiliza mara mbili, baada ya alasiri na tena usiku. Pumzi imekaa. Nota yako ya pili bado iko juu, imesimama katikati kabisa kama imepimwa kwa rula. Ishushe kidogo, jaribu 140, uanzie hapo. Kushuka nayo iteleze polepole zaidi kuliko kupanda. Rekodi tena unitumie.